Taulo la Gramu Hamsini na Nane

Saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi, siku ya Jumapili, gurudumu la mbele la kushoto lilitoboa ardhi.

Hapakuwa na shimo la kuonekana. Uwanda wa Jiddat al-Harasis, katikati ya jangwa la Omani, ni bapa kama sinia, ukoko wa chokaa uliotandazwa changarawe, na gari lilikuwa linakwenda kilomita sabini kwa saa. Ukoko ulipasuka. Pua ya gari ikazama, mkia ukanyanyuka, na madumu mawili ya maji yaliyofungwa juu ya keria yakakata kamba, yakaruka juu ya boneti na kupasuka juu ya mawe hatua kumi mbele. Zuwena aliyaona yakiruka. Aliyaona maji yakitandaa na kumeta, kisha akaiona ardhi ikiyanywa. Yalikuwa lita arobaini, na hazikuchukua hata nusu dakika.

"Kuna aliyeumia?" aliuliza.

"Mimi mzima," alijibu shangazi yake, Bi Ghaniya, kutoka kiti cha nyuma, huku ameukumbatia mkoba wake wa ngozi kama mtoto mchanga. "Muulize huyo aliyesema anaijua njia hii kama kiganja chake."

Bakhit, dereva na kiongozi wao, alikuwa ameshashuka na kulala kifudifudi chini ya gari. "Kiganja nacho kina mifereji, Mama Nasri," alisema kutoka huko chini, akimwita Bi Ghaniya kwa jina la mwanawe. Kisha akapapasa chuma. "Ekseli imekatika."

Kosa la pili lilikuja baada ya dakika ishirini. Bakhit aliweka jeki juu ya bamba la chokaa ili walau gari likae sawa. Bamba likavunjika, jeki ikateleza, na bampa ikamshukia mguuni. Muundi ulivunjika kwa mlio wa kijiti kikavu. Alipiga kelele mara moja tu. Zuwena alimvuta, akaukata mguu wa suruali, akaona ngozi iliyopasuka urefu wa kidole na damu nyeusi ikitoka polepole. Alivunja sanduku la vyombo akapata mbao mbili, akazifunga mguuni kwa kilemba cha Bakhit na kikoi chake, na jeraha akalibandika shashi safi kutoka kisanduku cha dawa.

Ndipo akahesabu. Chupa moja na nusu ya maji, jumla lita mbili na robo. Tende kilo moja, mikate minne, makopo matatu ya jodari. Simu hazikuwa na mtandao tangu juzi. Barabara ya lami ilikuwa kilomita sitini na moja mashariki. Njia ya kawaida ya magari ilikuwa kilomita kumi na tano kaskazini, na ndiko ambako Hamudi, ndugu yake Bakhit, angewatafuta. Lakini Hamudi aliwategemea katika mji wa Haima jioni ya Jumatano. Kabla ya Alhamisi hakuna ambaye angekuwa na wasiwasi.

"Na rejeta je?" aliuliza Shangazi. "Si ina maji?"

"Yale ya kijani ni sumu. Yanaua figo," alijibu Bakhit.

"Basi, nimwachie shetani."

"Nitembee mimi mpaka njia kuu," alisema Zuwena.

"Hapana." Bakhit alikuwa mweupe midomo, ila sauti yake ilikuwa imara. "Gari linaonekana kwa mbali. Mtu anayetembea haonekani hata na tai. Nimeshazika watu wawili waliotembea."

Basi wakabaki. Kwa watu watatu, siku nne, joto la nyuzi thelathini na tano kivulini, lita mbili na robo hazikutosha hata nusu. Na mmoja wao alikuwa amepoteza damu. Zuwena aliliandika hilo katika daftari lake kwa kalamu ya risasi, bila neno la ziada.

*

Daftari lilikuwa la taulo.

Zuwena alifanya kazi katika kampuni ndogo ya Maskati inayopeleka wanawake katika safari za miguu. Mwezi uliofuata wanawake ishirini na wawili wangetembea siku sita pwani, kila mmoja na mzigo wake mgongoni. Mwaka uliopita walibeba taulo za pamba za nyumbani. Zilikuwa nzito, hazikukauka, siku ya tatu zikaota ukungu, na mmoja alilitupa lake baharini huku akililaani. Safari hii Zuwena alitakiwa kuchagua taulo moja litakalowafaa wote.

Alikuwa amechagua tano za kujaribu, na amezileta jangwani kwa jaribio la mwisho. Alizipima mwezi mzima kwa mizani ndogo ya jikoni: uzito wa taulo kavu, maji linayonyonya, saa linazochukua kukauka. Kubwa la buluu, la nyuzi za kisasa zilizo nyembamba kuliko unywele, lilishinda. Lilikuwa na uzito wa gramu mia moja na themanini na lilinyonya karibu mara nne ya uzito huo. La mwisho lilikuwa dogo la rangi ya haradali, gramu hamsini na nane, refu kama mkono na jembamba kama gazeti. Kando yake aliandika: *Dogo mno. Baya. Hawatalikubali.*

Bakhit aliliona daftari hilo siku ya kwanza ya safari akacheka mpaka akasimamisha gari. "Dada, mtu mzima unapima uzito wa taulo? Mimi kilemba changu ni taulo, ni blanketi, ni kamba, ni kikapu."

"Kinakauka kwa saa ngapi?"

"Kinakauka kikitaka."

Sasa kilemba hicho kilikuwa kimefunga mguu wake.

*

Jumatatu, saa kumi na moja na dakika tano alfajiri, Zuwena, aliyelala kando ya gari, aliamshwa na tone lililoangukia paji la uso wake.

Alifungua macho asione kitu. Ukungu ulikuwa umeingia kutoka baharini na kulifunika gari. Maji yalikuwa yametanda juu ya paa, boneti, milango na vioo, na yalichuruzika taratibu kwenye kingo.

"Bakhit! Amka! Kuna maji!"

"Najua," alisema Bakhit kwa sauti kavu. "Bibi yangu aliishi hapa maisha yake yote bila kisima. Alikunywa maziwa ya mbuzi na ukungu, basi. Walitandika mablanketi mitini usiku, alfajiri wakayakamua."

"Mbona jana hukusema?"

"Mimi nimezaliwa na bomba, dada. Sijawahi kukamua hata soksi. Kimbia! Jua likitoka yamekwisha."

Zuwena alichomoa taulo la buluu, bingwa wake, akapanda bampa na kulivuta juu ya paa kwa mikono miwili.

Maji yalikimbia. Yalikusanyika mbele ya taulo, yakasukumwa hadi ukingoni na kumwagika changarawani. Alijaribu tena polepole, na yakakimbia tena. Alilikamua taulo juu ya sufuria, likatoa matone sita. Alichukua la kijivu, halafu la kijani, halafu la pamba nyepesi. Zote nne ziliteleza juu ya maji kama kiganja kilichopakwa samli; la tano, lile dogo, hakuliona mzigoni. Akaligandamiza moja kwenye ubavu wa gari na kulinyonya kwa mdomo. Alipata ladha ya waridi na udi.

Upande wa mashariki ukungu ulianza kuwa mweupe, kisha wa dhahabu, kisha ukachanika. Jua lilipiga paa. Dakika kumi baadaye bati lilikuwa kavu na la moto. Ndani ya sufuria mlikuwa na maji yasiyojaza kikombe cha kahawa.

Zuwena hakulia. Alikaa chini, akalitandika taulo la buluu juu ya goti, akachovya kidole katika sufuria na kudondosha tone moja. Tone lilisimama juu ya kitambaa, mviringo, likitetemeka kama jicho la samaki. Alihesabu mpaka sitini na bado lilikuwa limesimama.

"Shangazi," alisema bila kugeuka. "Hizi taulo umezifanya nini?"

Bi Ghaniya alishuka garini akijifunga buibui. "Nimezifanya nini? Nimezifua! Usiku ule wa kuondoka. Zilikuwa zinanuka kiwanda."

"Umezifua na nini?"

"Na sabuni, na dawa ya kulainishia, ile ya waridi, kifuniko kizima. Kisha nikazifukiza udi wa mafuta mpaka zikakolea. Kwani mtoto wa watu asafiri na taulo zisizonukia? Watu watasema nini?"

"Watu gani, Shangazi? Hawa choroa na pembe zao ndefu?"

Bakhit alicheka, kisha akaukamata mguu wake na kuacha.

"Dawa ile inaacha mafuta katika kila uzi," alisema Zuwena. Alilieleza hilo kwa utulivu kwa sababu lilikuwa jambo la hakika, na jambo la hakika halipungui kwa kupiga kelele. "Na udi nao unaongeza mafuta. Nyuzi zimezibika. Haziwezi kunyonya."

Bi Ghaniya alilitazama tone lile. Akaligusa kwa ncha ya kidole, likabingirika chini.

Nguo zao zote zilikuwa zimepita katika mikono hiyohiyo: kanga, magauni, shuka, hata soksi. Kilemba na kikoi cha Bakhit vilikuwa vimelowa damu na oili. Zuwena alivijaribu vyote kwa tone moja moja mpaka saa sita, akaandika matokeo, akafunga daftari.

Saa tisa alasiri nzi walikuwa wamejaa kwenye bandeji ya Bakhit. "Ngoja niwafukuze kwa moshi," alisema Shangazi, akafungua mkoba wake wa ngozi. Alitoa makaa ya vidonge, kikopo cha udi, na kifurushi chenye ukubwa wa nazi, akaanza kukifungua.

"Shangazi, umeleta chetezo jangwani?"

"Na wewe umeleta mizani."

Zuwena hakuwa akikitazama chetezo. Alikitazama kitambaa kilichokifunga. Kilikuwa cha rangi ya haradali na kilikuwa na masizi pembeni.

"Hicho umekifua?"

"Hiki? Hiki si taulo, mwanangu, hiki ni tambara. Nilikiona kibaya nikasema kitafaa kufungia chetezo kisivunjike."

Zuwena alikinyakua. Alichovya kidole katika chupa na kudondosha tone. Lilitoweka kabla hajaanza kuhesabu.

Alipiga ukelele, yeye ambaye hakupiga ukelele gari lilipozama. Shangazi naye akapiga kigelegele bila kujua sababu. Bakhit akauliza kama kuna harusi.

*

Usiku huo upepo uligeuka. Ulivuma kutoka kaskazini, kutoka mchangani, na alfajiri ya Jumanne bati la gari lilikuwa kavu kama mfupa. Zuwena alisimama na taulo mkononi tangu saa kumi mpaka jua lilipochomoza.

Kukapambazuka. Yalibaki maji nusu lita. Walilala chini ya gari upande wa kivuli, wakihama kivuli kilipohama. Mchana midomo ya Bakhit ilipasuka na homa ikampanda. Tangu asubuhi hakuwa amekojoa. Aliongea na mtu aitwaye Salma, akamwomba afunge mbuzi. Zuwena alimpa vifuniko vitatu vya maji kila saa, yeye na Shangazi wakachukua kimoja kimoja.

"Changu mpe yeye," alisema Shangazi.

"Hapana. Ukianguka, nitakuwa na wagonjwa wawili."

"Una roho ya karani, wewe."

"Kunywa, Shangazi."

Jua lilipozama yalibaki maji ya vifuniko sita. Zuwena alipiga hesabu mara mbili: bila ukungu usiku huo, Bakhit asingefika Alhamisi.

Saa nne usiku upepo ulikufa. Saa sita ulirudi kutoka kusini, mzito, na ulinuka chumvi.

"Bahari," alisema Bakhit, macho yamefumbwa. "Hiyo bahari. Amkeni!"

Saa tisa na nusu taa ya kichwani ya Zuwena ilimulika ukuta mweupe. Saa kumi kamili paa lilikuwa linang'aa. Shangazi alishika sufuria. Zuwena alipanda.

Alilivuta taulo mara moja na halikuteleza. Lilikwama kwenye bati kama ulimi wa ng'ombe, likalamba, na nyuma yake likaacha njia kavu. Likawa zito mkononi. Alilikunja na kulisokota juu ya sufuria. Maji yalishuka kwa mfululizo, si kwa tone, na mlio wake chini ya sufuria ulimsimamisha Shangazi mdomo wazi.

"Hayo ya kwanza yana vumbi," Bakhit alielekeza. "Yaweke ya kidonda. Anza mashariki! Huko jua litapiga kwanza. Paa, kisha boneti, kisha milango!"

Futa, sokota. Futa, sokota. Mara ya nne maji yalitoka maangavu. Shangazi alikwenda na kikombe kwa Bakhit, akamwinua kichwa, akarudi mbio akipigana na buibui lake. Paa likaisha, boneti likaisha, milango ikaisha, na Zuwena alipogeuka aliliona paa limelowa tena. Ukungu ulikuwa ukiendelea kushuka. Gari lilikuwa linajaa upya.

"Ishirini!" Shangazi alihesabu misokoto kwa sauti. "Ishirini na moja! Hebu nipe mimi, viganja vyako vinatoka damu!"

Walibadilishana. Bi Ghaniya, mwenye miaka hamsini na minane na magoti mabovu, alipanda bampa kama anapanda jahazi, akalisokota taulo kwa mikono iliyokamua nazi maisha yake yote. Lilitoa zaidi ya lilivyotoa kwa Zuwena.

"Mgunga!" alisema Bakhit. Alikuwa ameinuka kwa kiwiko. "Kuna mgunga kusini, hatua mia tatu. Nendeni, unadondosha kuliko gari."

Zuwena aliwasha taa ya gari ili apate kurudi, akachukua taulo, chupa na kopo tupu la jodari, akakimbia ndani ya weupe akihesabu hatua. Mia mbili na tisini na nne. Mti ulikuwa ukinyesha peke yake. Kila mwiba ulining'iniza tone. Alilizungusha taulo kwenye tawi, akalivuta, akakamua, akamimina chupani. Miiba ilimchana mpaka kwenye kiwiko. Alipojaza chupa ukungu ulikuwa umeshakuwa wa dhahabu, na alikimbia kuirudia taa huku nyuma yake mti ukikauka.

Saa kumi na mbili na robo jua lilitoka. Sufuria na chupa viliwekwa kwenye mizani ndogo ya jikoni kwa zamu. Kilo tatu na gramu mia saba na arobaini za maji.

Bakhit alikuwa amekunywa vikombe vinne na alikuwa anadai cha tano. "Mama Nasri," alisema, "si wewe uliyeniambia maji yakimwagika hayazoleki?"

"Sikukuambia wewe."

"Ulimwambia mtu katika simu, mpaka mtandao ulipokatika."

Zuwena alifungua daftari. Alichora safu mpya pembeni ya zile tatu. Mwezi mzima alikuwa amepima maji ambayo taulo linaweza kuchukua, na hakupima hata mara moja yale ambayo linaweza kurudisha. Akaandika kichwa cha safu: *Kinachokamulika.* Mbele ya taulo la haradali aliandika gramu tisini kwa msokoto. Mstari wa *hawatalikubali* aliukata kwa kistari kimoja kilichonyooka.

Alfajiri ya Alhamisi ukungu ulikuja mwepesi. Walipata lita moja na nusu.

*

Alhamisi, saa tisa na dakika arobaini alasiri, Shangazi aliona vumbi kaskazini. Lilikuwa uzi mwembamba ukielekea magharibi, mbali, na halikugeuka kuja kwao.

"Tairi la akiba!" alisema Bakhit.

Walilivingirisha hatua hamsini kutoka garini. Zuwena aliligeuza, akamimina dizeli ndani ya mzingo wake, akawasha kiberiti. Dizeli ilikataa. Kiberiti cha pili kikazimika, na cha tatu.

"Toka," alisema Shangazi. Alichukua makaa yake ya vidonge, yale ya udi, ambayo yakiguswa na moto hutoa cheche yenyewe. Aliwasha manne kwa mpigo ndani ya chetezo, akayapuliza mpaka yakawa mekundu, akayamimina juu ya tambara la dizeli katikati ya tairi. Tambara hilo lilikuwa taulo la buluu.

Liliwaka kwa kishindo. Moshi mweusi ulipanda wima, mnene kama nguzo ya msikiti, na hakukuwa na upepo wa kuupinda.

Uzi wa vumbi uliendelea magharibi kwa dakika nne. Zuwena alizihesabu. Katika dakika ya tano ulisimama. Katika ya sita uligeuka.

Saa kumi na dakika ishirini na mbili gari la askari wa hifadhi ya choroa lilifika kando yao. Hamudi alishuka kabla halijasimama, akamkumbatia ndugu yake chini pale, akamtukana kwa jina la baba yao wote wawili. Askari wawili walimpandisha Bakhit juu ya godoro la nyuma. Alikuwa ameshika kikombe na alikataa kukiachia.

Askari wa tatu, kijana mwenye adabu, alimkabidhi Bi Ghaniya chupa ya maji baridi na taulo jeupe lililokunjwa vizuri, ajifute uso. Lilikuwa limefuliwa likalainika, na lilinukia udi.

Bi Ghaniya alilinusa. Akafungua chupa, akachovya kidole, akadondosha tone moja juu ya taulo, na akasimama juani akilitazama.

Tone halikuzama.

"Ahsante, mwanangu," alisema, akamrudishia. "Mwambie mama yako linanukia vizuri sana. Asilifue hivi tena."

Kisha alinyoosha mkono kwa Zuwena bila kumtazama, na Zuwena akampa la haradali. Saa kumi na dakika thelathini na tano gari liliondoka kuelekea Haima.